Sifuti Kauli

Jumamosi, 2 Machi 1957

Leo wamempigia Wilfred mpigo mkuu, na mpigo wenyewe haukuwa wa kweli.

Nimeanza na hilo makusudi, nisije nikalala nikaamka nimejishawishi vingine. Mume wangu aliongoza wapiga kengele wa kanisa hili hadi alipofariki Agosti iliyopita, na heshima kubwa tunayoweza kumpa marehemu ni mpigo mkuu. Kengele nane, watu wanane, kila mtu na kamba yake, muda wa saa tatu bila kupumua. Kila mzunguko kengele zinalia kwa mpangilio mpya, na hakuna mpangilio unaoruhusiwa kurudiwa. Hakuna karatasi ya kusomea. Yote yamo kichwani. Kengele mbili zikibadilishana nafasi na kiongozi asizirudishe pale pale, basi kila kinachofuata ni takataka, na kazi ya kiongozi ni kupaaza sauti, "Simameni!" Watu wanaziachia kamba, wanakwenda kunywa chai wakiwa wamenuna, wanajaribu siku nyingine. Hatuna hakimu. Watu walio chini barabarani wanasikia kengele tu, hata ukiwapigia upuuzi watasema zinapendeza.

Basi katikati ya kazi, ya tano na ya sita zikabadilishana. Nilisikia wazi kabisa, mimi niko kwenye kamba ya nne. Dorcas Thirkettle, shoga yangu, yuko ya tatu. Alinitazama macho yamemtoka. Cuthbert Catchpole, mwenye bucha, ambaye ndiye kiongozi wetu sasa, hakusema kitu. Tukaendelea. Tukaendelea tena. Mwishowe akazirudisha kengele mahali pake kwa sauti ya chini chini, kama mtu anayefunga kifungo cha suruali mbele za watu.

Tukamaliza. Nje wakapiga makofi. Mke wa Cuthbert alikuwa ameoka keki ya matunda. Mimi nilikuwa nalia, na kila mtu akanishika mkono akinipa pole.

Nilimkamata Dorcas kwenye ngazi ya mnara.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Ivy. Ya tano na ya sita."

"Basi mpigo ni wa uongo."

"Nyamaza kwanza, watu wana keki yao."

Nimenyamaza. Keki ilikuwa kavu.

Jumanne, 5 Machi

Nimekaanga chapati za maji za kuaga siku za kula, maana kesho Kwaresima inaanza. Nimekula peke yangu, na limau na sukari. Wilfred alikuwa akila saba.

Alhamisi, 7 Machi

Naandika kwa hasira, nisamehewe mwandiko.

Alhamisi ni siku ya mazoezi. Tumepanda mnarani, na kabla hatujagusa kamba Cuthbert akatangaza kwamba ameagiza ubao. Ukuta wa chumba chetu cha kamba umejaa mbao hizo, nyeusi, za herufi za dhahabu: mpigo fulani, tarehe fulani, waliopiga ni fulani na fulani. Huu wa sasa utaandikwa juu kabisa, kwa herufi kubwa, KWA KUMBUKUMBU YA WILFRED GARROD. Wote wakanigeukia wakitabasamu, wakingoja nitoe leso.

Nikasema, "Cuthbert, huwezi kutundika huo ubao. Ya tano na ya sita zilibadilishana, na hukusimamisha."

Hapo Sidney Aldous, yule wa kengele kubwa, mtu mwenye mwili wa kabati na akili ya droo, akacheka. "Masikio hayo, Bibi Garrod! Yamekwenda likizo pwani ya Yarmouth bila kukuaga."

"Masikio yangu hayajambo, Sidney. Yako ndiyo yalizaliwa likizo."

Cuthbert alikuwa mwekundu kuliko nyama anayouza. "Ivy, nakuelewa. Una majonzi. Siku ile ulikuwa unalia muda wote."

"Nilikuwa nalia, sikuwa kiziwi. Muulize Dorcas."

Akamuuliza. Na Dorcas, ambaye nimekunywa naye chai kila wiki tangu vita, akatazama viatu vyake akasema, "Mimi sikusikia kitu, shemeji."

Shemeji! Ndiyo, najua, mke wa Cuthbert ni dada yake. Sasa undugu unaziba masikio?

Afadhali nieleze kwa nini siwezi kuliacha hili lipite, hata kama ningetaka. Mwaka aliorudi kutoka vitani, Wilfred aliongoza mpigo mkuu uliosifiwa mkoa mzima. Ubao ukachorwa, ukatundikwa. Wiki kadhaa baadaye yuko mezani anakula kabichi, anapiga hesabu ya mpigo ule kichwani kwa raha zake, mara akaweka uma chini. Aligundua kosa lake mwenyewe. Hakuna mwingine aliyekuwa analijua, wala angelijua. Siku hiyo hiyo aliliandikia gazeti la wapiga kengele kuuondoa mpigo wake, maana ndivyo inavyofanywa kwetu, kiongozi anatangaza mwenyewe hadharani. Kisha akapanda mnarani na bisibisi, akaushusha ubao, akaukata, akanitengenezea rafu. Ndiyo inayobeba majamu yangu jikoni hadi leo. Ukiinama ukatazama kwa chini, utaona herufi za dhahabu.

Mtu huyo ndiye wanayetaka kumwandikia uongo kwa dhahabu. Thubutu!

Alhamisi, 14 Machi

Nimekwenda mazoezini. Hakuna aliyenisalimia isipokuwa ngazi, ambazo hulia ukizikanyaga.

Jumapili, 17 Machi

Mvua ya upande, ile inayoingia hadi ndani ya mwavuli. Dorcas ameniona sokoni jana akajifanya anachagua viazi vitamu ambavyo havipo.

Alhamisi, 21 Machi

Sasa nimepewa masharti. Cuthbert amesimama mbele ya wote akiwa bado na aproni ya bucha, akasema hawezi kuongoza kikundi ambacho mmoja wao anamwita mwongo. Nifute kauli yangu, hapa hapa kwenye chumba cha kamba, mbele ya wote, kabla ya Jumapili ya Matawi. La sivyo niikabidhi kamba ya nne.

Nimeishika kamba hiyo tangu nilipokuwa mchumba. Hapo ndipo Wilfred aliponiona kwanza, au mimi nilimwona yeye kwanza, kila mmoja alikuwa na hadithi yake. Cuthbert analijua hilo fika. Yeye ndiye aliyesimama upande wa bwana arusi siku ya harusi yetu.

"Na kama kauli yenyewe ni ya kweli?" nikamuuliza.

"Basi ungetusikia wengine tukisema," akajibu. "Uko peke yako, Ivy."

Jumapili, 24 Machi

Neno lile limenikaa. Uko peke yako. Asubuhi nimejiuliza kama kweli mimi ni mjane tu aliyechanganyikiwa. Nimeketi mezani nikagonga mzunguko ule kwa vidole, taratibu, kuanzia pale Cuthbert alipotoa amri ya mwisho kabla ya kosa. Nikagonga tena. Kila mara nafika mahali pale pale, na kila mara ya sita inaingia pasipo pake.

Sijachanganyikiwa. Ningefurahi ningekuwa nimechanganyikiwa, maisha yangekuwa rahisi.

Alhamisi, 28 Machi

Sikwenda mazoezini. Badala yake Kasisi Venn amekuja kwangu, amekaa kwenye kiti cha Wilfred bila kuuliza.

Ni kijana mpole, amesoma Oxford, na ana tabia ya kukuwekea kichwa upande kama kuku anayesikiliza. Amesifu chai. Amesifu pazia. Nikajua kuna jambo.

"Bibi Garrod," akasema, "nimekuja kwa ajili ya amani ya kanisa. Kwa nini usifute kauli tu?"

"Kwa sababu ni kweli, Kasisi."

"Hakuna anayesema ulisema uongo. Labda ulisikia vibaya. Unajua, nilikuwa nalifikiria neno lenyewe." Akatabasamu, na mimi niliyefundisha wasichana Kilatini hadi nikastaafu nikaona kabisa mtego unavyotegwa. "Recant, yaani kufuta kauli. Kwa Kilatini ni kuimba, na kile kipande cha mbele cha kurudia. Kuimba tena! Ukilitazama hivyo si jambo la aibu hata kidogo. Tunakuomba tu uimbe tena, kwa sauti laini zaidi."

Niliweka kikombe chini, maana nilikuwa nakipenda.

"Kasisi, Kilatini hicho nilikifundisha wewe ukiwa bado unanyonya. Ni kweli, ni kuimba. Warumi waliazima wazo lenyewe kwa Wagiriki, ambao mtu wao akitukana kwa wimbo alitunga wimbo wa pili wa kuukana wa kwanza. Mpaka hapo tuko pamoja. Lakini neno hilo halikufika kwetu Uingereza likiwa limeshika kinubi. Ulisoma historia?"

"Kidogo."

"Basi nikukumbushe. Lilishika kwetu enzi za watu kuchomwa moto kwa imani yao. Mtu alisimamishwa kanisani miguu mitupu, amevaa shuka jeupe, na mzigo wa kuni begani. Kuni za aina ile ile ambayo ingemchoma kama angekataa. Kila mtu azione. Ndipo akaambiwa, haya sasa, kana uliyoyasema. Huo ndio wimbo wako laini. Wewe kuni zangu umeziacha wapi, mlangoni?"

Akawa mwekundu hadi kwenye kola yake nyeupe. "Hakuna anayetaka kukuchoma, Bibi Garrod."

"Hapana, mnataka kamba yangu tu. Na mnataka nile matapishi ambayo hata si yangu, ni ya Cuthbert."

Hakuinuka kitini. Nitamsifu kwa hilo, wengi wangeondoka. Kisha akasema pole pole, "Si kila ukweli lazima usemwe. Wilfred amepumzika."

"Wilfred amepumzika, ndiyo. Jina lake halijapumzika. Mnalipandisha ukutani likafanye kazi ya uongo kwa miaka mia, na yeye hawezi kushuka nalo."

Alipoondoka alisahau glavu zake. Nimezipeleka hadi langoni kwake na kuziacha juu ya ua, sikubisha hodi.

Jumapili, 31 Machi

Jumapili ya Akina Mama. Watoto wamegawa vishada vya maua kanisani, hata sisi tusio na watoto tumepewa. Nimekuta mlangoni keki ya Dorcas, ile yenye vidonge vya lozi juu. Hakuna neno lolote pamoja nayo. Nimewapa kuku wa jirani.

Jumanne, 2 Aprili

Kuku wa jirani wamenenepa. Nasikitika kuhusu keki, alinitengenezea hiyo kila mwaka.

Alhamisi, 11 Aprili

Imekwisha.

Wote walikuwepo. Ubao ulikuwepo pia, umeegemezwa ukutani, umefunikwa blanketi kama mgonjwa. Hakuna aliyeshika kamba. Cuthbert akasema, "Haya, Ivy," kwa sauti ya upole ambayo nilitamani kuipiga kofi.

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri njiani. Yote yakanitoka. Nikasema, "Ya tano na ya sita zilibadilishana. Cuthbert alisikia. Dorcas alisikia. Mimi nilisikia. Hamkumpigia Wilfred mpigo, mlimpigia kelele za saa tatu, kisha mkala keki. Sifuti hata herufi moja."

"Aibu!" akasema Sidney. "Watu wamemfanyia mumeo wema, na hii ndiyo shukrani?"

"Wema gani? Ukinipa pesa bandia nikushukuru kwa sababu umezikunja vizuri?"

"Ivy, tafadhali," Dorcas akasema. Hilo tu. Ivy, tafadhali. Hakusema tafadhali nini.

Nikaifunga kamba ya nne vizuri, mafundo yake kama nilivyofundishwa, nikaitundika kwenye msumari, nikashuka. Nimelia nilipofika kwenye kaburi la Wilfred, si kwa ajili yake, kwa ghadhabu tupu. Nimelipiga teke jiwe la mtu mwingine. Niliomba radhi.

Jumapili, 14 Aprili

Wamepanda kuubariki ubao baada ya ibada. Kasisi Venn amesoma sala. Mimi nimebaki chini kwenye benchi na tawi langu la mtende, nikasikiliza wakipiga. Binti wa seremala ndiye aliye kwenye kamba yangu. Anapiga vizuri, na hilo nalo limeniudhi.

Jumanne, 16 Aprili

Nimebishiwa hodi mlango wa jikoni. Cuthbert, kofia mkononi, na soseji zilizofungwa kwenye karatasi.

"Kama umekuja kunihonga kwa soseji," nikasema, "ungeleta za kutosha."

Akaingia. Hakukaa kwenye kiti cha Wilfred. Alisimama karibu na jiko akizungusha kofia.

"Siwezi kupanda mnarani, Ivy. Siwezi kuutazama ule ubao. Jumapili nilipiga nikiwa nimefumba macho."

Sikumsaidia. Nilikuwa nimengoja Kwaresima nzima, kwa nini nimsaidie?

"Nilisikia," akasema. "Pale pale. Nilifungua kinywa kusema simameni. Halafu nikakuona. Ulikuwa unavuta kamba huku machozi yanakutiririka hadi kidevuni, hujipangusi, maana mikono yote ina kazi. Nikasema moyoni, mjane huyu anamuaga mumewe, nami nimkatize? Nikashindwa. Nikafunga kinywa."

Nilimkodolea macho. Nadhani nilipiga ukelele.

"Wewe mtu! Nilikuwa nalia kwa sababu nilisikia kosa! Nilikuwa nalia nakungoja useme simameni!"

Tukabaki tunatazamana. Wiki zote hizi. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa na pa kukaa tena. Nikamvuta kwa mkono hadi kwenye rafu ya majamu.

"Inama," nikamwambia. "Tazama kwa chini."

Akainama, mtu mzito yule, akishika meza. Alikuwa anajua Wilfred aliuondoa mpigo wake, kila mtu anajua. Ubao ulikwenda wapi hakujua. Alisoma herufi zile kwa muda mrefu. Jina lake mwenyewe lilikuwamo, kwenye kengele ya pili.

"Hakuniambia kwamba aliugeuza rafu," akasema akiwa bado kule chini.

"Hakumwambia mtu. Alisema majamu yalihitaji mahali."

Soseji tumezikaanga. Zilitosha.

Alhamisi, 18 Aprili

Alhamisi Kuu. Nimeitwa mnarani. Ubao haupo, ukutani kuna matundu manne ya skrubu. Cuthbert amesimama, akasema mpigo ulikuwa wa uongo, alijua tangu mwanzo, na barua ya kuuondoa imeshatumwa gazetini.

Nao wakafanyaje? Wakampigia makofi! Sidney Aldous akamkumbatia, eti huo ndio uungwana, eti inahitaji moyo wa simba. Kasisi Venn akapangusa miwani. Mimi niliyesema jambo hilo hilo, kwa Kiingereza hicho hicho, chumbani humo humo, niliitwa kiziwi, mwenye majonzi, asiye na shukrani. Yeye analisema baada ya Kwaresima nzima, anakuwa shujaa. Na hakuna hata mmoja aliyefuta aliyoniambia mimi. Hakuna! Binti wa seremala tu ndiye aliyeniletea kamba ya nne mkononi, akasema, "Ni yako, Bibi." Nimempenda papo hapo.

Ijumaa Kuu, 19 Aprili

Dorcas yuko mlangoni na mikate midogo yenye alama ya msalaba, bado ya moto.

"Nimekuja kufuta kauli," akasema.

"Ipi? Umekuwa nazo nyingi."

"Ile ya kusema sikusikia." Akanisogezea mikate. "Nilisikia, Ivy. Alhamisi ile ya kutangazwa ubao dada yangu alinikamata kabla hatujapanda, akasema nikimwaibisha Cuthbert nisikanyage kwake tena. Sina mwingine zaidi ya dada na wewe. Nikahesabu nikaona wewe ndiye utakayenisamehe."

Jamani, mwanamke huyu! Nilitaka kumfungia mlango usoni. Hesabu gani hiyo, ya kumwumiza mtu kwa sababu ana moyo mzuri? Nikamwambia hivyo, kwa sauti, jirani amesikia. Nikamwambia na kuhusu kuku. Akasema, "Kuku? Keki yangu ya lozi?" akanuna kweli kweli. Basi tukawa tumenuna wote wawili, na mikate inapoa, ikabidi aingie.

Siwezi kusema nimemsamehe. Siagi nimempa.

Jumapili, 21 Aprili

Pasaka. Tumepiga, jua limetoka, mabega yananiuma kwa raha.

Jumatatu, 22 Aprili

Leo tumejaribu tena mpigo mkuu wa Wilfred. Watu walijaa chini barabarani kuliko mara ya kwanza, maana hadithi imeenea. Mke wa Cuthbert ameoka keki nyingine.

Tulianza vizuri. Sijawahi kutusikia tukipiga vizuri namna ile. Hata Sidney alikuwa mwepesi na kamba ile ya kengele kubwa mkononi. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Nikaanza kuhisi kwamba Wilfred angekaa kwenye ngazi akisikiliza, mguu mmoja ukigonga, na hapo ndipo nilipokosea. Kumfikiria kulinipoteza. Nilivuta mapema, nikaingia mahali pa Dorcas, naye kwa mshtuko akaingia mahali pangu. Ya tatu na ya nne. Mimi! Mimi, mama wa kelele zote hizi!

Tulikuwa tumekaribia mwisho kabisa. Chini hakuna ambaye angejua. Nilimtazama Cuthbert, na najua uso wangu ulikuwa umelowa tena, na mikono yote ina kazi. Naye alinitazama. Alifungua kinywa.

"Simameni!"

Kengele zikanyamaza moja moja. Kutoka barabarani tulisikia mtu anauliza, "Wamemaliza?" Cuthbert aliachia kamba yake akaja hadi kwangu, amejaa jasho, akasema, "Nisamehe, Ivy."

Nikamwambia hiyo ndiyo zawadi niliyokuwa naingoja tangu Agosti. Kisha tukashuka wote wanane, tukanywa chai tukiwa tumenuna.